Amri ya Jana Haijui Umesimama Wapi

Leo nimekuja na kitufe kimoja tu cha kibodi, kile chenye mshale unaotazama juu. Nina kesi nacho ya miaka mingi.

Ilikuwa usiku, saa nne na nusu hivi. Nafanya kazi ya kutunza kompyuta za ofisi moja ambayo sitaitaja. Niko nyumbani, kompyuta mapajani, nimeunganishwa na seva iliyoko mtaa mwingine kabisa, na mtandao siku hiyo ni wa kusuasua. Nilikuwa nimemaliza kusafisha folda tuliyoiita "muda", yenye takataka za programu. Humo niliandika `rm -rf *`, maana yake futa kila kilichomo na usiniulize. Ikafuta. Nikahamia folda ya jirani, "nakala", zilikowekwa nakala za hesabu za kila siku, nikaandika `ls -l` nione orodha ya mafaili. Orodha ikaja. Mhasibu, mama mmoja mpole sana, alikuwa kwenye simu akiningoja. "Mwanangu, hebu niangalizie tena, ya leo imeingia?"

Nikabonyeza mshale wa juu ili niirudishe ile `ls -l`. Kimya. Skrini haikutikisika. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara ya tatu, kisha kwa hamaki za mtu anayengojwa kwenye simu nikapiga Enta. Ndipo mtandao ukazinduka, na vibonyezo vyangu vyote vinne vikafika kwa mpigo mmoja. Cha kwanza kikaleta `ls -l`. Cha pili kikaleta amri ya kuhama folda. Cha tatu kikaleta `rm -rf *`. Na Enta ikafuata nyuma yake kama karani anayegonga muhuri barua asiyoisoma.

Kompyuta haikusema neno. Kwa kawaida yake, kazi ikienda sawa hunyamaza. Kistari kikarudi kupepesa pale pale, kinangoja amri nyingine. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika mbili." Dakika mbili zile ziligeuka siku tatu. Kilichotuokoa ni diski ya nje iliyokuwa imelala kwenye droo ya yule mama, yenye nakala hadi Ijumaa iliyopita. Siku zilizofuata ilibidi tuziandike upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, yeye akisoma, mimi nikichapa. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Sasa wapo mnaojiuliza huyu bwana anazungumzia kompyuta gani isiyo na vipicha vya kugusa. Hata kompyuta yako yenye vipicha ina mlango wa uani ambako watu huzungumza nayo kwa maandishi. Unaandika amri kwenye mstari mmoja, unapiga Enta, inajibu. Dirisha la maandishi hayo huitwa terminali, na programu inayokaa ndani yake kupokea maneno yako huitwa sheli, yaani ganda. Neno hilo alilitoa Mfaransa Louis Pouzin katikati ya miaka ya 1960, kwenye mradi wa mfumo wa Multics kule Marekani. Ndani kuna kiini, kinachoendesha diski na kumbukumbu. Nje kuna ganda, ambalo mtu huligusa. Kwa hapo wazungu walizungumza kama sisi tunaokula mayai.

Ganda hili hukumbuka ulichosema. Ukibonyeza mshale wa juu hukuletea amri iliyopita, ukibonyeza tena hukuletea ya kabla yake. Wewe unalo jambo hili mfukoni. Kwenye simu nyingi, ukigusa kitufe cha kijani bila kuandika namba, unaletewa uliowapigia karibuni. Wengi wetu hatuandiki nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli kila tunapotaka kutuma pesa. Tunaichukua pale, tunabonyeza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Watu waliotengeneza Unix, mfumo zilikotoka amri hizi, kule maabara ya Bell Labs, kuanzia 1969, kwa kawaida hawakuandika amri kwenye skrini. Walitumia mashine ya simu ya maandishi, Teletype Model 33, iliyopiga kelele kama cherehani bovu na kuchapa herufi kumi kwa sekunde kwenye karatasi. Ndiyo maana amri za Unix ni fupi hadi leo: `ls`, `cp`, `rm`. Kila herufi ilikuwa jasho la kidole.

Na karatasi haifutiki. Basi ukikosea ulifanya nini? Uliandika reli. Alama ile ile tunayomalizia namba za kutuma pesa ilimaanisha "hiyo herufi iliyopita, ihesabu haipo". Ukitaka kuandika `ls` ukateleza ukaandika `lz`, uliendelea hivi: `lz#s`. Karatasi ilibaki na makosa yako yote, lakini mashine ilisoma `ls`. Ukiharibu mstari mzima uliandika alama ya `@`, mstari wote ukatupwa, ukaanza upya. Nikimweleza kijana wa leo anacheka. Mimi naona kuna jambo tulilipoteza pale. Historia yako ilikuwa kwenye karatasi mbele ya macho, na ili kuirudia amri ya jana ulilazimika kuisoma, kisha kuichapa tena yote, herufi kwa herufi. Ulipofika mwisho wa mstari ulikuwa umeifikiria mara ya pili, utake usitake.

Kisha akaja Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, yule ambaye baadaye, 1982, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Sun Microsystems. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandika ganda lake, C shell, na humo akatia kumbukumbu ya amri. Ukiandika alama ya mshangao mara mbili, `!!`, kompyuta ilirudia amri iliyopita. Ukiandika mshangao na herufi, ilirudia ya karibuni iliyoanza na herufi hiyo. Na mshangao pamoja na alama ya dola, `!$`, ulileta neno la mwisho la amri iliyopita. Hilo la mwisho nalipenda. Unaunda folda kwa `mkdir ripoti_za_machi`, kisha unaandika `cd !$`, umeshaingia ndani bila kutaja jina lake mara ya pili. Ni kama tunavyozungumza: umemtaja mtu kwa jina, sasa unasema "yeye".

Mnaona kwamba mshale bado haujatokea. Terminali aliyoitumia Joy, mashine yenye skrini na kibodi iitwayo ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, ndiyo maana mpaka leo wanaotumia vi, kihariri cha maandishi alichokiandika Joy, hutembeza kistari kwa herufi hizo nne. Kule Bell Labs, David Korn akatengeneza ganda lake na kulitangaza mwaka 1983, na ndani yake mtu aliweza kuurudisha mstari wa zamani, akaingia katikati yake, akaurekebisha, akautuma. Mwaka 1989 Brian Fox akatoa Bash, ganda la bure la mradi wa GNU. Kabla yake lilikuwapo ganda la Stephen Bourne, la 1979, lisilokumbuka chochote. Bash ni utani juu ya jina hilo, maana kwa Kiingereza jina la Bourne linasikika kama "kuzaliwa". Kwa hiyo Bash ni Bourne aliyezaliwa mara ya pili. Kwa Kiswahili chetu tungesema ni ganda lililookoka.

Sehemu ya Bash inayoshughulikia kuhariri mstari inaitwa Readline, na imeazimwa na programu nyingine nyingi, zikiwemo za hifadhidata. Ukijifunza vitufe vyake mara moja umejifunza kwa nyumba kadhaa. Wanaofundisha huvisomesha kwa Kiingereza na wanafunzi husahau. Mimi nilivisoma kwa Kiswahili na sijavisahau. Shika kitufe cha Kontroli. Ukibonyeza na A, unakwenda mwanzo wa mstari: A ni anza. Ukibonyeza na K, kila kilicho mbele ya kistari kinakatwa: K ni kata. Ukibonyeza na W, neno lililo nyuma linaondoka: W ni wacha, kwa lugha ya pwani. Na R, msikilizaji, R ni rudi.

Kontroli-R ndiyo kubwa yao. Badala ya kupanda ngazi kwa mshale mara arobaini, unabonyeza R na kuandika kipande unachokikumbuka, labda `machi`, na ganda linapekua kumbukumbu kurudi nyuma mpaka lipate amri yenye neno hilo. Ukiibonyeza tena linakwenda nyuma zaidi. Tahadhari moja: usijaribu kwenda mbele kwa Kontroli-S, maana kwenye terminali nyingi hiyo ni amri kongwe ya kusimamisha maandishi, tangu enzi za mashine za karatasi. Skrini itaganda, utadhani kompyuta imekufa. Bonyeza Kontroli-Q, itaendelea. Namjua jamaa aliyekuwa akizima kompyuta yake kwa sababu hiyo miezi kadhaa, akilaumu mtandao.

Ipo pia njia ya kusahihisha kwa alama ya kofia. Umeandika `cp ripoti_machi.txt /nakala/machi/`, yaani nakili ripoti ya Machi kwenye folda ya Machi, na sasa unataka kufanya hivyo hivyo kwa Aprili. Unaandika `^machi^aprili`, yaani toa machi, weka aprili, rudia. Rahisi kama kumsukuma mlevi. Lakini tazama inachofanya: inabadilisha mahali pa kwanza tu. Amri inayotekelezwa ni `cp ripoti_aprili.txt /nakala/machi/`. Ripoti ya Aprili imetumbukia kwenye folda ya Machi, na hakuna aliyekuambia. Utaigundua mwezi wa sita, mkaguzi amekaa mbele yako na kalamu. Ukitaka zote mbili zibadilike unaandika `!!:gs/machi/aprili/`, na hiyo `g` ndiyo inayobeba mzigo wote. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniuliza, "Kaka, sasa si heri niichape tu yote?" Nikamwambia mara nyingi ni heri.

Maana ugonjwa upo hapa, na nautaja baada ya kuuugua mwenyewe. Ganda linapokumbuka, linakumbuka maneno peke yake. Halikumbuki ulikuwa folda gani ulipoyaandika. Halikumbuki ulikuwa unataka nini, wala kama ilifaulu au ilikataa. Hata saa haliionyeshi mpaka uipangie, kwa kigezo kiitwacho `HISTTIMEFORMAT`. Ile nyota kwenye `rm -rf *` maana yake ni "kila kilichopo nilipo". Ndani ya "muda" ilikuwa takataka. Ndani ya "nakala" ilikuwa kazi ya yule mama. Herufi zilikuwa zile zile.

Mshangao ni hatari zaidi ya mshale, kwa sababu mshale angalau hukuonyesha mstari kabla ya Enta, mtandao ukiwa mzima. Mshangao haukupi nafasi ya kuutazama mstari, unautekeleza hapo hapo. Umezoea kunakili mafaili kwa `rsync`, na kwa uvivu unaandika `!r` ili urudie ya mwisho. Umesahau kwamba dakika tano zilizopita ulifuta kitu kwa `rm`. R ni R. Dawa ipo, wala si ngumu: ongeza nukta mbili na p, yaani `!r:p`, nalo ganda litakuchapia amri bila kuitekeleza. Uisome, kisha mshale wa juu uilete, upige Enta ukiwa unajua. Au weka mara moja kwenye mipangilio ya Bash `shopt -s histverify`, ili kila mshangao ukuletee mstari kwanza uutazame. Sielewi kwa nini haikufanywa kuwa kawaida tangu awali.

Nayo `fc`, amri ya kurekebisha amri, ina tabia yake. Inachukua mstari uliopita, inaufungua ndani ya kihariri kama waraka, unaurekebisha kwa nafasi, nzuri kabisa kwa amri ndefu. Shida ni pale unapoghairi. Ukifunga kihariri bila kubadilisha kitu, ukidhani umejiondokea, `fc` inaitekeleza amri ya zamani vilevile. Ukitaka kweli kughairi, futa maandishi yote, hifadhi waraka mtupu, ndipo utoke.

Je, mimi nimeacha mshale? Hapana. Nautumia kila siku, mara mia. Kilichobadilika ni namna ninavyoandika amri za kufuta. Siandiki nyota tupu. Naandika njia nzima kuanzia mzizi, `rm -rf /srv/muda/*`, ili hata ikifufuka mwezi ujao nikiwa folda nyingine, iende kule kule ilikotumwa mwanzo. Na kabla ya kufuta naandika `pwd`, herufi tatu zinazoiuliza kompyuta "nimesimama wapi?" Mtandao ukisuasua naondoa mikono juu ya kibodi kabisa, naishika chai.

Limebaki jambo moja, na hili ni la kila mwenye seva, mkubwa kwa mdogo. Kumbukumbu hii haikai hewani. Unapotoka kwenye Bash, mistari yako huandikwa kwenye faili lililofichwa ndani ya folda yako, `.bash_history`, na kama wewe au mfumo wako hamkupanga vingine hubakiza mistari 500 ya mwisho. Umeme ukikatika kabla hujatoka, ya siku hiyo hupotea, ndiyo maana sisi tuliozoea giza huweka `PROMPT_COMMAND='history -a'` kwenye mipangilio ili kila amri iandikwe papo hapo. Lakini kinachohifadhiwa ni chote, na makosa yamo. Mara ngapi umepiga `sudo`, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi, haraka, vidole vikaandika neno la siri kabla kompyuta haijaliuliza, kumbe hailiulizi kabisa kwa kuwa uliliandika dakika chache nyuma? Neno la siri limekaa kwenye mstari kama amri. Ganda linakujibu kwamba haliijui amri hiyo, na linaitunza. Wapo pia wanaoandika neno la siri la hifadhidata kwenye amri yenyewe ili wasiulizwe, na wakihama kazi, anayepokea kompyuta anarithi kila kitu kwa mshale wa juu.

Kwenye kompyuta zenye mfumo wa Ubuntu, ukianza amri kwa nafasi tupu, haiingii kwenye kumbukumbu. Kwenye mifumo mingine hilo lazima ulipange mwenyewe, kwa `HISTCONTROL=ignorespace`. Lakini hiyo ni ya kuanzia leo, yaliyopita yameshaandikwa. Kwa hiyo nakuomba, kesho asubuhi ukifika kazini, fungua terminali, andika `history`, upige Enta, usome mstari kwa mstari. Ukikuta neno lako la siri, libadilishe kwanza huko linakotumika. Kisha utazame namba iliyo pembeni ya mstari ule, uandike `history -d` na namba hiyo, halafu `history -w` ili faili nalo lilisahau.